Mbuni ya Kibabii

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuonja kahawa, pale Bungoma, nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nywele. "We msichana, rudi nyumbani uoge," Mwonjaji Mkuu aliniambia. "Hapa pua ndiyo inakula mshahara." Nilikasirika mpaka machozi, lakini kesho yake nilirudi bila harufu yoyote.

Yeye ndiye alinifunza kazi. Kila mzigo wa kahawa tuliutengea vikombe kadhaa, maana punje moja mbovu hujificha kati ya maelfu. Unavuta kwa kijiko, tena kwa kelele, kahawa ipake ulimi mzima, kisha unatema. "Kikombe kimoja kikinuka, mzigo wote unakataliwa," alisema. "Usimhurumie mtu." Baadaye nilihamishiwa Kitale chini ya Meneja wa Ubora, mtu wa kununa, nikaendelea kukataa mizigo mpaka nikastaafu.

Sasa nakaa Matisi, na binti yangu amenipa mashine ya espreso. Nyinyi vijana mnanunua kahawa nyeusi inayong'aa mafuta mkidhani ndiyo kali. Hiyo imeungua, bana. Tafuteni punje zilizokaangwa juzijuzi, rangi ya kahawia tu, mziache wiki moja zipumue. Tena ile kahawa yetu ya kuoshwa, inayomenywa ganda kabla ya kuanikwa, mashine hukamua uchachu wake wote mpaka meno yanakufa ganzi. Changanyeni na mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Ndiyo tamu na nzito. Kwa hivyo nilimwomba mwanangu Simiyu, anayetunza shamba letu Kibabii, anikaushie mbuni kidogo.

Vikombe vya kwanza vilikuwa vizuri ajabu. Kisha asubuhi moja niliinua kikombe, nikanusa koti la mvua lililolowa na dawa ya kuchua kifua. Marehemu mume wangu ndiye alinuka hivyo, mwaka wake wa mwisho. Niligeuka, hapakuwa na mtu. Haki ya Mungu, niliogopa. Niliosha mashine, nikasaga tena, na kikombe cha pili kikatoka safi.

Nikampigia Simiyu. "Hiyo mbuni uliianika wapi?"

"Pale kwa kaburi ya baba, Mama. Juu ya saruji. Si hapo ndiyo jua inashika vizuri?"

Watu wengi kwetu huanika mahindi juu ya kaburi lililosakafiwa, kwa hivyo sikuweza kumgombeza. Kwa sheria ya kazi ningemwaga mfuko wote. Nilishindwa. Kila asubuhi nilisaga nikimtafuta mume wangu, na kila kikombe kilipotoka safi niliumia. Jana punje ziliisha, na hakurudi. Nililia kama mtoto.

Jioni Simiyu alipiga simu. "Mama, pole. Msimu ujao nitanunua waya, nitengeneze meza ya kuanikia."

"Wachana na meza," nikamwambia. "Anika pale pale. Upande wa kichwa."