Uji wa Mgonjwa Asiyeumwa

Mwanangu, ipo siku moja ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kule Madibira, ambayo nikiikumbuka hapa mjini Mlandege hucheka peke yangu, kisha machozi hunilenga.

Ndoa yetu ilikuwa na miaka mitatu. Mume wangu, Lukasi, alikuwa mtu wa mawazo. Atalima mistari miwili, kisha ataegemea mpini wa jembe, macho milimani, anatabasamu. Nilimpenda hivyo hivyo, na ole wake aliyemcheka mbele yangu! Hata zamu yake ya maji ya shamba nilikuwa nafungulia mimi mfereji, nikasema kafungulia yeye.

Mpunga ukikaribia kuiva, ndege huja makundi kwa makundi, na majirani hupokezana: leo wewe unaamia mashamba yote mawili, kesho mwenzio. Siku hiyo zamu ilikuwa yetu. Jirani yetu Mama Neema, mjane, alikuwa amekwenda kliniki. Nikamwacha Lukasi na debe la kugonga, nikaenda kuokota kuni. Niliporudi, debe liko chini, Lukasi kakaa kwenye tuta anatazama mawingu, na ndege wamejaa kwenye mpunga wa mjane. Kona nzima ilibaki masuke matupu.

Nikamkimbiza mume wangu nyumbani, nikamlaza mchana kweupe, nikamfunika blanketi. Mama Neema aliporudi nikawahi kusema, "Lukasi kashikwa na homa, mama. Kaanguka kabisa."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami yangu ilikatizwa na wema. Jioni mama yule yule aliyeliwa mpunga wake aliingia na bakuli la uji.

"Kamwene, baba," alimsalimu. "Kunywa upate nguvu."

Lukasi alikunywa funda moja, akaketi wima. "Mama, siumwi. Ndege wamekula mpunga wako mimi nipo pale pale, mawazo yangu yako mbali."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Neema hakumgombeza. Alimwuliza jambo ambalo mimi, mlinzi wake, sikuwahi kumwuliza: "Unawazaga nini, baba?"

Akainamisha kichwa. "Namwonaga mke wangu kakaa barazani, kwenye nyumba yetu ya bati, kanyoosha miguu. Hana kazi ya kufanya."

Mama Neema alicheka mpaka akafuta macho. "Sasa huyo atanyoosha miguu saa ngapi, na kazi zako zote anafanya yeye?" Kisha akanigeukia, hacheki tena. "Na wewe, binti, unamfunika mwenzio mpaka anakosa hewa."

Tulipovuna, Lukasi alimpelekea gunia la mpunga, kalibeba begani mwenyewe, watu wakimwona. Kuwaza hakuacha, ila zamu yake ya maji hakuikosa tena.

Mwanangu, mkinge mwenzako na ndimi za watu, lakini usimkinge na kosa lake. Mwache alibebe, litamkomaza. Na ukimwona kanyamaza, macho yako mbali, usikimbilie kumtetea wala kumgombeza. Kaa karibu yake umwulize anaona nini. Mimi nilichelewa miaka mitatu kujua kwamba aliyekuwa akionwa ni mimi. Mungu akujalie mwenza anayekuwazia mema, na akupe masikio ya kuyasikia mapema kuliko mimi.