Saumu ya Mama

Daktari aliniambia maneno yake huku akinawa mikono. "Mama yako asifunge. Sindano hizi na njaa ya mchana kutwa haviendi pamoja. Sukari ikishuka anaweza kuondoka hivi hivi, mnamwangalia." Akajifuta, kisha akaongeza: "Lakini ni mtu mzima, siwezi kumlazimisha. Nimekwambia wewe. Likitokea la kutokea, usiseme hukuambiwa."

Nikatoka na dawa mkononi na lile "wewe" lake shingoni. Mama alikuwa kwenye benchi la nje, ameshika fimbo yake, mtandio umemteleza.

"Kasemaje?"

"Kasema usifunge."

"Hata mwaka jana kasema vivyo hivyo. Kwani yeye ndiye atakayenijibia kwa Mola wangu?"

Tukarudi nyumbani, kwetu nyuma ya Bombolulu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Mtaani hunisifu, "maskini binti yule, anavyomtunza mamake," nami hutabasamu kama mtu mwema, lakini moyoni nimechoka na nina hasira. Nilikuwa na kazi katika yadi ya makontena kule Miritini, na kazi ile niliipenda kwa jambo moja: lawama yake ilikuwa na mwenyewe. Kontena likiingia getini tulitazama sili, ile lakiri ya chuma inayofungia mlango wake. Sili ikiwa nzima, hata kontena likifunguliwa likakutwa tupu, si juu yako. Sili ikiwa imekatika nawe umelipokea, ni juu yako, na huna wa kubishana naye. Nyumbani hakuna sili. Kila kinachoharibika kimeharibikia mkononi mwangu.

Niliacha kazi hiyo mwaka ambao mama alikatwa kidole cha mguu. Kidonda kilianzia kwenye viatu vipya, zawadi ya Idi aliyoletewa na kaka yangu mkubwa anayeishi Doha. Mama hakuhisi vikimchubua, maana miguu yake ilikwisha kufa ganzi, na alipoona damu kwenye soksi akaifua kimya kimya. Alipokatwa, kaka alipiga simu akauliza swali moja tu: "Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa kazini. Basi nikaacha kazi, ili siku nyingine nikiulizwa niwe na jibu.

Mwaka huu Ramadhani ilipokaribia nikawapigia simu ndugu zangu wote wawili. Mkubwa, huyo wa Doha, akasema: "Usimzuie mama ibada yake. Utabeba dhambi usiyoiweza." Mdogo wangu, aliye Nairobi, akasema: "Usithubutu kumwacha afunge, atatufia." Nikawaomba wazungumze wao kwa wao, kisha wanipe neno moja. Wakanijibu kwa maneno yale yale, utadhani walikariri pamoja: "Wewe ndiye uliye hapo, wewe ndiye uonaye hali." Aliye kando haangukiwi na mti.

Nikaenda kwa ustadhi. Akanipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mgonjwa ana ruhusa," akasema. "Na akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba atadhurika, basi hata haifai afunge. Atoe fidia, kila siku alishe masikini." Nikafurahi, nikamwomba aje amwambie mama mwenyewe, maana kwangu mimi hasikii. Ustadhi akashika ndevu. "Mimi nimekupa hukumu ya dini. Hali ya mgonjwa anaijua mgonjwa na tabibu wake. Sipendi kuingia baina ya mja na Mola wake."

Nikamshukuru, nikarudi kwa miguu, nikimtukana njia nzima.

Nisimfanye mama aonekane mkaidi tu. Mwaka jana alikubali asifunge. Alikula nyuma ya pazia, mgongo kaugeuzia mlango, na mtu akibisha hodi alisukuma sahani chini ya kitanda. Masikini tuliyemlisha alikuwa mzee wa Frere Town aliyekuja na bakuli lake kila jioni, na mama alimwonea wivu, wallahi nilimwona, kwa kuwa yule alikuwa amefunga. Mwezi ulipoisha mama akaugua mapafu, akalazwa, na akasema hayo ndiyo malipo ya kula mchana. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

"Kila kitu mushanitoa," akaniambia mwaka huu, nilipomletea habari za ustadhi. "Chai ya sukari mushanitoa. Jikoni mushanitoa, ati mato hayaoni. Msikitini siendi. Hii moya niachieni."

Akafunga. Nami nikashiriki, sina njia nyingine ya kulisema. Nisingempikia daku angefunga bila daku. Nikarudi kwa daktari peke yangu, akanielekeza kwa shingo upande jinsi ya kupunguza sindano, na mara mbili akanikumbusha kwamba hakubaliani na jambo hilo. Nikawa namchoma mama kidole kupima sukari asubuhi, adhuhuri na alasiri, yeye akiapa kwamba tone lile la damu linamharibia saumu. Mchana kutwa sikutoka hata kwenda dukani. Nilikaa nikimtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa nia. Msikitini, baada ya tarawehe, imamu huwatamkia watu nia ya kufunga kesho nao wakamfuata. Mama maneno anayajua tangu utotoni, lakini amezoea kuyafuata kwa sauti ya mtu, na sasa mtu mwenyewe ni mimi. "Tamka, nikufuate," husema. Basi kila siku nikaketi ukingoni mwa kitanda chake nikisema, "Nimenuia kufunga kesho," naye akifuata neno kwa neno, mpaka mwisho, nami nikijiona kama mtu anayemsindikiza mamake kisimani kwa adabu zote.

Siku iliyoharibika ilikuwa ya joto la kutoa roho. Alasiri kipimo kilikuwa kizuri. Jua lilikuwa linashuka, nami nipo jikoni nageuza mbaazi za nazi, nikasikia tasbihi ikianguka sakafuni. Nilipoingia nilimkuta karowa jasho, gauni limemganda, midomo inamcheza. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikakimbilia sukari, nikaikoroga kikombeni, nikamwekea mdomoni. Akakaza meno.

"Bado," akasema ndani ya meno. "Haijaadhiniwa."

"Mama, kunywa!"

"Bado."

Sikumbembeleza tena. Nikamshika taya, nikachota sukari kwa vidole nikamsugua nayo ufizini, yeye akinisukuma kwa mkono usio na nguvu, mimi nikilia na kumtolea mama yangu mzazi maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukiwa katika hali hiyo jirani wa mlango wa pili akaingia na bakuli la kaimati, maana jioni za mwezi huo watu hupelekeana futari. Akasimama pale pale mlangoni.

"Astaghfirullah! Wamfungulisha mamako kwa nguvu, na adhana hiyo yaja?"

Nikamwambia aweke bakuli atoke. Akaweka, akatoka, na najua hakwenda kwake moja kwa moja.

Sukari ilipompanda, mama akatulia, akashika kikombe mwenyewe, akamaliza. Adhana ikaadhiniwa. Akaisikiliza mpaka mwisho wake.

"Ungengoja," akaniambia.

"Ungekufa, mama."

"Kufa kwangu si juu yako," akasema. "Hii ya yeo ndiyo i juu yako."

Sikuwa nimeosha vyombo vya futari, habari zilishafika Doha. Ndugu zangu wakapiga simu kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. "Si nilikwambia usimwache afunge?" akasema mdogo. "Lakini pia kumtia mtu mzima vidole mdomoni," akasema mkubwa, "hujui watu wanasema nini." Ni kweli, wote wawili walikuwa wameniambia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikaongeza sauti ya simu, nikaingia nayo chumbani. Mama alikuwa ameshajiweka sawa kitandani, ananingoja.

"Wanao hawa hapa," nikasema. "Leo mmoja wao akutamkie nia, au akwambie usifunge. Moja katika mawili."

Nikasikia gari likipiga honi huko Nairobi.

"Mama," akaanza kaka mkubwa, "afya ni amana, na ibada nayo pia..."

"Nia, mwanangu," mama akamkatiza. "Waitamka au huitamki?"

"Binti yako yuko hapo, mama. Yeye ndiye aonaye hali."

Mdogo akasema mtandao unasumbua. Kisha ukasumbua kweli, au waliusumbua wenyewe, sijui.

"Wamekata?" mama akauliza.

"Mtandao, mama."

"Wanangu wana akili," akasema, wala hakusema kwa uchungu. Akanyoosha mkono, akapapasa shuka mpaka akaupata wangu. "Ndoo uketi. Daktari kasema nisifunge, lakini akaniachia mwenyewe. Ustadhi naye vivyo hivyo. Hawa ndio hao, ushawasikia. Nami naogopa, mwanangu. Naogopa kufa, na naogopa kufa nimekula. Hajatokea mtu hata mmoya akanambia: usifunge, i juu yangu mimi."

Miaka yote niliyomtunza sikuwahi kumsikia mama akisema anaogopa. Nilikuwa nikidhani mlango wa mtego nilionaswamo ameufunga yeye, kumbe alikuwa ndani pamoja nami.

Najua, kama ajuavyo yeyote aliyesoma chuo cha Kurani, kwamba Siku ya Kiyama hakuna atakayemchukulia mwenzake mzigo wake. Nilijua pia kwamba nikilisema neno alilolitaka mama sitalirudisha. Akiugua kwa kula, ni mimi. Akifa, hata kwa uzee wake, ni mimi niliyemnyima saumu ya mwisho, na matangani watalisema mimi nikisikia. Nilitamani nivae viatu nitoke, nipande gari lolote linaloondoka. Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu.

"Usifunge, mama," nikasema. "I juu yangu mimi."

Akaniachia mkono, akajilaza, akageukia ukutani, na haukupita muda nikamsikia akikoroma. Mimi sikupata usingizi.

Kesho yake mchana akataka chai. Nikavuta pazia nimletee chumbani, akakataa, akaja kuketi sebuleni, mlango wazi. Jirani akaja kufuata bakuli lake, akamkuta na kikombe mkononi, jua utosini.

"Si mimi," mama akamwambia kabla hajaulizwa, na sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo kwa muda mrefu. "Ni huyu mwanangu. Yeye ndiye aliyenikataza."

Jirani akanigeukia, akanitazama kutoka juu mpaka chini. Nilimpa bakuli lake, na humo nilikuwa nimemtilia viazi vya nazi kwa futari yake.

Mama akanywa tena, akakunja uso. "Na sukari je, pia umeikataza?"

"Pia nimeikataza."

"Haya," akasema, akaninyooshea kikombe. "Basi ongeza chai hiyo hiyo."

Nikamwongezea, nami nimefunga.