Murugi Aliyesomea Samaki

Monicah ndiye aliyeleta maneno pale mferejini, siku ya kufua.

"Mama Ben, yule jirani yako wa mlango wa mwisho, unajua anafanyanga kazi gani?"

Nikamwambia najua anatoka asubuhi na kurudi jioni, zaidi ya hapo sijui.

"Anaosha maiti." Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Mimi mwenyewe nimemwona. Tulienda mochari kuchukua mwili wa shangazi, mlango ukafunguliwa, nani anatoka? Murugi! Na gambuti, na aproni ya plastiki. Akaniambia ati, 'Pole, Monicah.' Nikashindwa hata kuitikia."

"Labda alikuwa anasaidia tu."

"Kusaidia! Mtu na digrii yake?" Akakamua shuka mpaka maji yakanirukia. "Na wewe humpa mtoto abebe."

Ni kweli nilikuwa nampa. Ben alikuwa hajaanza kutembea, na siku nikiwa na nguo nyingi za watu, Murugi asipoenda kazini alimchukua akamzungusha uani. Nikamtazama mtoto wangu, ameketi ndani ya karai tupu akitafuna kibanio cha nguo, nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimeliona siku nyingi bila kulielewa. Murugi hakumsalimia mtu kwa kiganja. Alikunja vidole akakupa kifundo cha mkono, vile sisi hufanya tukiwa tunakanda unga. Lakini yeye alifanya hivyo hata mikono ikiwa mikavu. Hapa kwenye ploti yetu, Ruring'u, wengine walisema ni maringo ya chuo kikuu.

Sikumwuliza kitu. Jumapili tulikutana kwenye kamba ya nguo, na Ben akamnyooshea mikono kama kawaida. Murugi hakumchukua. Aliniangalia mimi kwanza.

"Monicah amekwambia."

"Amesema."

"Basi unataka nimbebe ama nisimbebe? Sema tu, sitakasirika."

Nikamwekea Ben kifuani. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa na blanketi bichi begani na mtoto alikuwa ameanza kulia. Lakini Murugi alimshika, akageuza uso upande wa ukuta, akakaa hivyo mpaka nikamaliza kuanika. Kisha akanieleza.

Kwao ni Gakindu, kule Mukurweini, na ni mtoto wa pekee. Alipomaliza kidato cha nne alitaka uuguzi. Alama zikapungua kidogo, na ile kompyuta ya serikali inayogawa wanafunzi ikampeleka kusomea samaki, chuo cha mbali upande wa ziwa. Samaki! Nyumbani kwao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumla. Mamake alisema samaki ni nyoka tu aliyekosa shimo. Lakini chuo kikuu ni chuo kikuu. Kanisa likafanya harambee, ng'ombe akauzwa, na pasta akasimama mbele ya watu akasema huyu mtoto ana bahati, kwani hata Petro alikuwa mvuvi.

"Siku ya kwanza kumshika nilitapika," Murugi aliniambia. "Nikasema nitazoea. Harufu niliizoea. Kupenda, sikupenda. Mwaka wa pili nilitaka kuacha, nikamkumbuka yule ng'ombe."

Alirudi na digrii akakuta vidimbwi vya samaki vilivyochimbwa kijijini vimeota nyasi, vingine vina vyura. Akaomba kazi kila mahali. Akakaanga samaki mjini Nyeri, akiuzia watu waliotoka pwani na ziwani, na watoto wa shule wakipita wakiziba pua. Hapo ndipo alipopata jina la Wa Samaki.

Kisha babake akafa. Wajomba walienda naye mochari, wakasimama nje wakitazama viatu vyao, ikabidi aingie peke yake. Alimkuta mzee amevalishwa ovyo, kola imekunjika ndani, vifungo vimerukwa, shavu moja limenyolewa na lingine limeachwa.

"Nikaomba wembe na maji. Nikamnyoa. Nikafungua vifungo vyote nikavifunga upya. Mama Ben, hiyo ndiyo kazi ya kwanza nimewahi kufanya bila kujiambia nitazoea."

Akaenda kusoma tena, kozi ya kuhudumia maiti, darasa moja na watoto waliomaliza shule juzi. Akapata kazi. Mamake aliambiwa ni kazi ya hospitali.

"Hajauliza ni hospitali upande gani," alisema. "Na mimi sijasema."

"Unajuta?"

"Kwa hii? Hapana. Najutia ile miaka ya samaki. Ningekataa kutoka mwanzo, mama angekuwa ameizoea aibu yangu mapema."

Baridi ya Julai ilipoingia, mamake akapatwa na kiharusi. Jina lake ni Phyllis, lakini sisi sote tulimwita Cucu, kama nyanya yetu. Upande wa kushoto ulilala wote, mguu na mkono. Murugi akamleta hapa, akampa kitanda, yeye akatandika godoro sakafuni. Kila asubuhi kabla ya kazi alichemsha maji, akamwosha mamake, akambadilisha, akamlisha uji. Mchana mimi nilikaa naye, Ben akitambaa chini ya kitanda.

Cucu alikuwa mtu wa mizaha hata na mdomo wake ukiwa umevutwa upande. Asubuhi moja niliingia nikamkuta anaoshwa.

"Umeona huyu?" akaniambia. "Ako na mkono mwepesi. Hospitali walikuwa wananigeuza kama gunia la kahawa. Huyu hata sisikii. Huko kwa samaki walimfunza vizuri!"

Akacheka. Murugi hakuinua kichwa. Aliendelea kukausha vidole vya miguu ya mamake, kimoja baada ya kingine, na katikati ya vidole pia.

Hofu yake niliijua, kwani aliniambia wazi: mama akijua, hatakubali niwe karibu naye, na hana mtu mwingine.

Akina mama wa kanisa wakaja kumwona mgonjwa. Walileta unga wa uji, ndizi na sukari, na Monicah ndiye aliyekuwa mbele. Murugi akawapa chai. Monicah hakukigusa kikombe chake, alisema amefunga. Wakaimba kidogo, wakamsifu Cucu kwamba uso umerudi, kisha Monicah akasema tuombe, tukainamisha vichwa.

"Baba, tunamleta mama yetu Phyllis mbele yako. Gusa huo upande uliolala. Na tena Baba, unaiona mikono inayomwosha. Unajua mahali hiyo mikono inashinda, kule mochari, ikishika wafu. Itakase, Baba! Ondoa kila laana iliyoingia kwa hii nyumba kupitia hiyo mikono."

"Amina," wakaitikia. Mtu akiomba huwezi kumkatiza.

Mimi nilifungua macho. Cucu naye alikuwa ameyafungua yake. Alikuwa anaitazama mikono ya Murugi, iliyokuwa imeshika birika.

Sisemi Monicah alitaka kuvunja nyumba ya mtu. Alipokuwa akiomba alilia machozi ya kweli. Akajipangusa kwa leso, akaaga, akaenda.

Nilibaki nikikusanya vikombe. Cucu akasema, "Ni ukweli?"

"Ni ukweli, maitu," Murugi alimjibu mamake.

"Unatoka kwa hao watu, halafu unakuja kunishika?"

"Naoga kwanza, maitu. Kuna dawa tunatumia, kuna glavu…"

"Thahu haitoki na sabuni."

Thahu ni ule mkosi unaomshika mtu aliyegusa kilichokatazwa. Cucu ni mtu wa kanisa, amebatizwa na kukomunika. Lakini alilelewa na watu ambao hawakumgusa aliyekufa, na aliyemgusa hakuingia kwa wazima hivi hivi tu. Alijaribu kujisogeza ukutani na ule upande uliobaki mzima. Hakufika mbali.

Tangu siku hiyo hakukubali kuguswa na Murugi. Chakula cha Murugi kilipoa kando ya kitanda, akawa anakunywa uji wangu tu. Murugi alikuja na glavu mpya, akazitoa kwenye pakiti mbele yake.

"Hizo ni za huko?"

"Nimenunua duka la dawa, maitu. Sasa hivi."

"Na mikono iliyo ndani?"

Murugi akazivua.

"Rudi kwa samaki," Cucu akamwambia. Yeye ambaye hangekunywa maji kwenye nyumba iliyopikwa samaki! "Huko ndiko tulikupeleka. Rudi huko, nitakula hata hao samaki wako."

"Samaki hawaniandiki, maitu. Nilijaribu."

"Basi nirudishe Gakindu nikafie kwangu."

"Gakindu kuna nani?"

Cucu akafunga macho.

Mimi nilimfuta uso na mikono nilipomlisha, lakini mwili wake sikuuliza. Mtu mzima hafunuliwi na jirani bila kuombwa. Harufu ikaanza kupita chini ya mlango. Pale mferejini Monicah akanigusa bega.

"Sasa umeamini? Hiyo ni harufu ya huko, imemfuata mpaka nyumbani."

"Ni harufu ya mtu ambaye hajaoshwa," nikamwambia. "Uliomba vizuri, Monicah. Ndiyo hiyo sala yako imejibiwa."

Hakunisalimia tena wiki hiyo.

Asubuhi ya leo, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa, nilisikia kitu kikiwekwa kwenye ngazi yangu. Nilipofungua nikamkuta Murugi amevaa tayari kwenda kazini. Chini kulikuwa na beseni la maji linalofuka mvuke, taulo mbili, sabuni ya mtoto, na shuka lililokunjwa. Hakuingia. Alirudi nyuma hatua chache, kana kwamba beseni si lake.

"Mgongo umeanza kuchubuka," akasema. "Nimeona akiwa amelala. Kidonda kikiingia ndani, hatapona nacho."

Nikaokota taulo na shuka.

"Jana nimeosha mzee mmoja wa Kiriaini. Simjui. Nilimgeuza, nikamwosha mgongo, nikamchana nywele. Nikafikiria mama ako kitandani hajaoshwa." Akaonyesha beseni kwa kidevu. "Anza na uso. Usimshike kabla ya kumwambia, anashtuka. Ukimgeuza, mlaze kwa ule upande mzima, na weka mkono chini ya shingo. Kwa kile kidonda usisugue, mwagia tu maji pole pole. Na kausha katikati ya vidole, hapo ndipo watu husahau."

Kupitia ukuta tulimsikia Cucu akikohoa. Ben alikuwa ametambaa mpaka mlangoni, akamshika Murugi sketi. Hakumwinua.

"Mama Ben, nakuomba uniogeshee mama," akasema. "Na umwambie haya maji umechemsha wewe. Akikuuliza kama nimeyagusa, sema sijayagusa."