Jina Ambalo Boksi la Chaki Halikulibeba

"Shangazi, kati ya wote waliokujibu, nani alipatia?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomuuliza hivyo. Alikuwa ameinama anapanga maboksi, na hakuinua uso. "Wote, mwanangu," alisema. "Kila mtu alipatia kidogo." Nililiona jibu zuri mno, nikaenda kulirudia shuleni kama methali niliyoitunga mwenyewe.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na anatengeneza chaki za kuandikia ubaoni. Watu wanamwita Bi Chaki. Mikono yake ni myeupe hadi kwenye viwiko, na akikushika shavu kwa upendo unatembea na vidole vyake usoni siku nzima. Aliacha shule kidato cha pili, akauza madaftari na penseli nje ya malango ya shule kwa miaka sita. Kisha mzee mmoja aliyekuwa anafunga karakana yake akamuuzia kalibu sita za chuma, kila moja ina matundu sabini na mbili, na kila tundu linazaa chaki moja. Hapo ndipo alipoanzia, kwenye chumba chenye dirisha moja, na watu wanne wa kumsaidia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwa mtu wa kuuliza. Baba anasema utotoni walitumwa nyumba moja mara tatu, na mara zote tatu wakapotea, kwa sababu dada yake aliona bora miguu iume kuliko kumuuliza mpita njia. "Tulipita mlango huo huo mara nne," baba anasema, "na mwenye nyumba anatupungia mkono."

Kati ya wale watu wanne alikuwepo mama mmoja wa makamo, mkubwa kwa shangazi kwa miaka kama kumi na mitano. Tulimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilokuwa nalo kwa kila jambo. Ukikimbia, taratibu. Ukilia, taratibu. Yeye ndiye aliyekoroga jasi, ule unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa uji, na ambao ukiuchelewesha kidogo tu unagandia kwenye ndoo. Akishaumimina kwenye kalibu, aligeuza mwiko wake na kugonga ubavu wa kalibu kwa mpini: ko, ko, ko. Anasikiliza. Anasogea upande wa pili, ko, ko, ko. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa watu wenye heshima zao. Mimi niliyekuwa nakwenda pale Jumamosi nilidhani ni mazoea yake tu, kama mtu anayepiga mluzi akifua.

Siku moja mkuu wa shule moja ya sekondari alikuja kuangalia kazi. Alikuwa ametumwa na shule nane zinazonunua pamoja, na alitaka chaki za mwaka mzima. Shangazi hakuwahi kupata mteja mkubwa hivyo, na siku hiyo alivaa viatu vya kisigino juu ya sakafu yenye unga. Mgeni akasimama mlangoni, akasikiliza ko, ko, ko, akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Bi Chaki, hapa ni karakana au ngomani? Tukija na sisi tutacheza?"

Kila mtu alicheka. Shangazi naye alicheka, lakini nilimwona akishika sikio lake, jambo analolifanya akiona aibu. Mgeni alipoondoka, kicheko cha shangazi kikaondoka naye.

"Kuanzia leo sitaki kusikia hizo ngoma."

"Bosi," Taratibu alisema, "kalibu isipogongwa..."

"Nimeshasema."

"Haya."

Chaki za shule nane zikaanza kutoka, na baada ya wiki tatu malalamiko nayo yakaanza kurudi. Zilikuwa zinakatika. Mwalimu anaandika tarehe, akifika kwenye mwezi, pa! Kipande kinaruka hadi dawati la mbele. Chaki hizo zilifika hata darasani kwetu, na maboksi yalikuwa na picha ya mkono mweupe ambayo kila mtu aliijua.

"Chaki ya shangazi yako ina utapiamlo," kijana aliyekaa nyuma yangu alisema.

"Siyo," mwenzake akajibu, "anatuuzia ikiwa imeshakatwa ili tusisumbuke."

Msichana mgeni darasani akanigeukia, kwa wema kabisa: "Kwani mwenye chaki hizi ni shangazi yako?"

Nikasema, "Hapana. Ni jirani yetu tu."

Nimeandika sentensi hiyo na uso unanichoma hadi sasa. Jioni ile yule jirani yetu alinipikia, akanisuka, akaniuliza shule ilikuwaje. Nikamwambia nzuri.

Shangazi alitafuta mwenye makosa, na kwa kuwa hakuzoea kuuliza, alimpata upesi. Ilikuwa Jumamosi, wote tupo. Alishika chaki mbili zilizovunjika, akazitupa mbele ya Taratibu.

"Unaweka maji kwa kukisia."

"Maji ni yale yale, bosi. Kopo ni lile lile."

"Basi mkono ndio umezeeka. Nenda kapumzike kwako."

Taratibu alinawa, akafuta kila kidole, akatundika aproni yake msumarini na kutoka bila kuaga. Mji ni mkubwa kwa mambo mengine, lakini kwa maneno kama hayo ni kijichumba. Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kazi kwa mtengeneza chaki mwingine, akaambiwa, "Wewe si ndiye yule wa mkono uliozeeka?" Akarudi nyumbani kwake.

Mahali pake alikuja kijana mwenye misuli, akakoroga kama anapigana. Chaki zikaendelea kukatika. Kisha shule moja ikarudisha katoni nzima ya vipande, na barua fupi juu yake: "Tunaomba kujua, mnazipaki kwa nyundo?" Shangazi aliisoma akacheka. Akaisoma tena, akakaa juu ya gunia la jasi, akajifunika uso kwa mikono. Alipoitoa, uso wote ulikuwa mweupe, ila njia mbili za machozi.

Ndipo alipofanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Aliuliza. Tena hakuuliza mtu mmoja, aliuliza kila mtu. Alichapisha karatasi ndogo, akatia moja katika kila boksi lililotoka: "Chaki hii inakatika, na sisi tunaoitengeneza hatujui sababu. Wewe unayeitumia, tuandikie ulichokiona. Atakayetuonyesha dawa yake, jina lake tutalichapisha kwenye boksi."

Baba alikuja mbio. "Dada, ukiumwa tumbo unapanda mnarani kutangaza?"

"Mficha uchi hazai," shangazi alimjibu.

"Sasa wewe unazaa mbele ya shule nane!"

Majibu yalianza kuja katika wiki ya pili. Yaliletwa na madereva wa magari ya vifaa, na wanafunzi waliopita, mengine yakasukumwa chini ya mlango. Tulikaa sebuleni mchana, mimi nasoma kwa sauti, shangazi anapanga mafungu. Mwalimu mmoja aliandika kwamba kosa ni la mwalimu wa hesabu, anaandika kama anamdai ubao. Mwanafunzi mmoja aliomba kwa heshima tusizirekebishe, kwa sababu mwalimu akikosa chaki wanatoka mapema. Lakini darasa moja zima lilikuwa limefanya kazi ya ajabu: walivunja chaki arobaini, wakatazama kila mahali palipovunjika, na katika thelathini na tatu wakakuta kitundu kama cha sindano. Walituletea hata mchoro. Shangazi aliupeleka mchoro ule kwa fundi plasta wa mtaa wa pili, naye akautazama akiwa juu ya ngazi. "Hiyo ni hewa, mama," alisema. "Umeifungia ndani, nayo inatafuta pa kutokea."

Nilifurahi kupita kiasi! Watu wasiojuana, kila mmoja ana kipande chake, na vipande vinakutana kwenye meza yetu. Sasa tulijua ni hewa. Ila tungeitoaje? Shangazi akajaribu kupunguza maji, kuongeza maji, kumimina polepole. Wapi.

Kisha nikafungua karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa zilizoachana. Nikasoma: "Gongeni kalibu kabla jasi haijashika. Hewa itapanda yenyewe. Taratibu."

"Haina jina, shangazi," nilisema. "Inasema tu tugonge taratibu."

Shangazi aliichukua mkononi mwangu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko maneno yale yalivyostahili. Akashika sikio. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Huyu hajui anachosema," alisema. "Soma nyingine."

Jumatatu karakana ilianza kugonga tena: ko, ko, ko. Chaki zikatoka ngumu, zinaandika hadi zinaisha vidoleni. Na maboksi mapya yalipochapishwa, chini ya ule mkono mweupe palikuwa na maneno haya: "Imeboreshwa kwa msaada wa walimu na wanafunzi wote." Hapo ndipo nilipouliza swali langu, na nikajibiwa wote.

Nilipoingia sekondari, ile ya yule mkuu wa shule aliyecheka, siku ya kwanza kabisa nilimkuta Taratibu anafagia madarasa. Alikuwa ameanza kazi pale tangu mwaka aliofukuzwa. Kwa hiyo alifagia vile vipande vya chaki zetu kila jioni, boksi baada ya boksi, mpaka akaikuta karatasi ya shangazi na kuijibu, na lile neno la mwisho lilikuwa jina lake. Niliyaelewa yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni na begi mgongoni, na nilitamani nisiyaelewe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu." Akaendelea kufagia. "Mwambie shangazi yako chaki zake siku hizi ni ngumu. Nafagia vumbi tu."

Sikumwambia. Miaka mitatu nilipita njia ya nyuma ya maktaba ili tusikutane, na nyumbani nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Ukimya wangu na wa shangazi ulifanana kama watu wa nyumba moja.

Mwaka huu mwalimu wa biashara aliuliza kama tunamjua mtu aliyewahi kutatua tatizo la kazi yake kwa kuwashirikisha watu wengi, aje atuzungumzie. Mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Sijui kama ilikuwa majivuno, au ndani yangu kuna kitu kilichochoka kupita nyuma ya maktaba.

Shangazi alikuja na viatu vyake vya kisigino. Alizungumza vizuri, watu walicheka kwenye nyundo, walipiga makofi kwenye chaki arobaini. Akalisifu darasa lile, akamsifu fundi plasta. "Tatizo langu lilikuwa kubwa kuliko kichwa changu," alisema, "nikaazima vichwa vya watu." Mkuu wa shule alipiga makofi kuliko wote. Mimi niliangalia dawati langu. Kila sentensi ilikuwa kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo.

Walipokuwa wanamsindikiza, mkuu wa shule mbele, mwalimu wa biashara, na mimi nimebeba boksi la zawadi, tulimkuta Taratibu kwenye varanda. Alisogeza ndoo yake, akaegemea ukuta ili wageni wapite.

"Piteni, piteni."

Shangazi alisimama. Miaka yote ile karakanani sikuwahi kumsikia akimwamkia mama yule, ingawa yeye shangazi ndiye mdogo kwa mbali. Bosi hamwamkii mfanyakazi, alikuwa akisema.

"Shikamoo," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyetumwa.

"Marahaba. Hujambo, bosi?"

"Kumbe mnafahamiana!" mkuu wa shule alisema kwa furaha.

Jibu jepesi lilikuwepo, nililiona likimfika mdomoni: ndiyo, zamani kidogo. Angelisema, tungepita, na lango lilikuwa hatua ishirini mbele yetu. Taratibu hakumsaidia. Alishika fagio lake kwa mikono miwili, ile iliyozeeka, akangoja. Shangazi akapeleka mkono sikioni, akaurudisha chini. Kisha, mbele ya wote, akanigeukia mimi.

"Uliwahi kuniuliza nani alipatia," alisema. "Ni huyu. Mkono wake haukuwa na kosa. Chaki zilikatika kwa sababu mimi nilimkataza kugonga, niliona haya kuchekwa na mgeni, halafu nikamfukuza yeye. Na bado akaniandikia, na jina akaliweka, nikalisoma. Nilipoandika 'wote' kwenye boksi, nilikuwa natafuta pa kumficha. Alipatia huyu, peke yake."