Fundo Lake

Mfungashaji mkuu wa karakana yetu ya mawe ya sabuni, hapa Tabaka, haamini fundo la mtu mwingine. Ukimaliza kuifunga sanamu yako ya twiga kwa gazeti na kamba ya katani, atakuja na vidole vilivyojaa vumbi jeupe, afungue, agune, afunge upya: mizunguko miwili, kitanzi, kisha avute kwa meno. "Sasa hata ikianguka, haivunjiki," husema. Hata chapati zake za saa nne huja zimefungwa hivyo hivyo. Basi mwenye karakana alipoweka sanduku la kuripoti bila kutaja jina, mfungashaji huyu aliandika kwa mkono wa kushoto, asijulikane, kwamba msimamizi huwashikashika wasichana kule stoo. Halafu, kwa mazoea, akaifunga barua kwa gazeti na kamba. Mizunguko miwili, kitanzi.

Alhamisi Damaris, mchongaji mwenzetu, alichungulia kwenye tundu la sanduku, akaliona fundo, akajua ni la nani, akatuita sote, isipokuwa mfungashaji mwenyewe. Ijumaa sanduku lilipofunguliwa mbele yetu, zilitoka barua tisa, zote na fundo lile lile, zote zikisema jambo lile lile. Msimamizi aliyatazama mafundo, akatutazama sisi, asijue amkasirikie nani. Mwenye karakana akamwambia aache funguo za stoo mezani. Hapo ndipo mfungashaji wetu asiyetaka kujulikana alipojipenyeza hadi mezani, akaiokota barua yangu, akaguna, akaivuta kamba kwa meno.

"Hii ilikuwa imelegea," akasema.