Malori ya Upande wa Mjini

Watu wa Uyole huniuliza kama mimi ni mchoraji, mpiga picha au fundi wa taa. Nikiwaambia nafanya vyote hivyo kwa sababu nataka kujua jicho linaonaje, wananitazama kama mtu aliyekosa kazi. Chumba changu cha mbele nilikiziba madirisha kwa nailoni nyeusi, nikabakiza tundu dogo kwenye kipande cha bati upande wa barabara kuu. Mwanga ukipita pale, barabara yote hujichora ukutani kichwa chini, malori, wauza viazi na mlima wenyewe. Nilikuwa nimeshaalika watu waje kuiona.

Mwaka huo nilimchukua Mama kutoka Igowole, presha ya macho ilipommalizia jicho la pili. Sikuthubutu kumwacha peke yake, basi alikaa nami gizani akichambua maharage kwa vidole, nami nikimsimulia yanayopita.

"Lori hilo, limebeba mbao. Pikipiki hiyo, ina magunia ya viazi."

Kilichonikera ni upande wa kushoto wa picha. Ulikuwa hafifu, kama umepakwa majivu. Nilipanua tundu, picha ikang'aa lakini ikapoteza ukali. Nikabadilisha bati. Nikapaka ukuta chokaa upya. Nikamlaumu hata jirani kwa moshi wa jiko lake, tukanuniana. Na kila nilipokagua matokeo au kumsimulia Mama nilifumba jicho la kushoto, mazoea ya miaka ya kuchungulia kwenye kamera.

Mchana mmoja Mama aliacha maharage.

"Mbona ya mjini unachelewa kuyasema?"

"Yapi, Mama?"

"Malori. Yanayotoka Chimala unayataja nikiyasikia tu. Ya mjini mpaka yafike hapa mlangoni."

"Upande huo haujakaa sawa. Ni ukuta."

"Mimi nilisingizia taa ya sola," akasema. "Baba yako akaenda kununua nyingine."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asichanganye uzee wake na kazi yangu. Kisha nikasimama mbele ya ukuta, nikafumba jicho la kulia badala ya la kushoto. Picha ikajaa hadi pembeni, pamoja na lori la mafuta ambalo sikujua kama lipo. Nikafumba la kushoto, majivu yakarudi. Nilirudia hivyo mara kadhaa, kisha nikakaa sakafuni.

Daktari wa macho hakunificha. Nuru iliyopotea haitarudi, na matone ni ya kulinda iliyobaki. Akasema ugonjwa huu hurithiwa. Mama alikuwa ameketi kando yangu, akasikia.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi. Akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Hiki nimekupa mimi."

Nilijua jibu ambalo mtoto anapaswa kumpa mama yake. Halikutoka. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kitoto isiyo na haki yoyote, na hofu kubwa kuliko hiyo hasira. Hakuniachia mkono, alikuwa anangoja nimjibu, na mimi nikamtazama usoni kwa jicho hili, kisha kwa lile, kuhakikisha bado nampata mzima.