Google Inasema Nimekufa, na Mama Yangu Ameamini

Admin, nifichie jina, tafadhali sana. Si kwa sababu ya aibu tu. Mtu akiandika jina langu Google leo, anaambiwa mimi ni marehemu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Kayole na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni magharibi. Mume wangu ni Mkamba, dereva wa lori, tena shemasi kanisani. Kazi yangu ni kuoka keki za harusi na za bathdei. Keki zangu zinasifiwa, lakini wateja walikuwa walewale wa kanisani na wa ploti yetu. Nikasema hapana, mtu akitafuta keki Nairobi hii, lazima anione mimi.

Nikatafutiwa fundi wa tovuti hapo mtaa wa Tena. Kumbe kazi yake kubwa ni kutengeneza kurasa za matanga, zile za kutangaza msiba na kuomba michango. Mimi hilo sikujua. Akaniambia, "Madam, tovuti pekee haisaidii. Lazima nikuwekee meta tag." Nikamuuliza huyo ni mdudu gani. Akanieleza kwamba nyuma ya kila ukurasa kuna maneno ambayo sisi hatuyaoni, lakini Google inayasoma ndiyo ijue itamwambia mtu nini kukuhusu. Nikamwambia basi aweke maneno matamu, na jina langu liwe mbele kabisa. Akacheka, akasema nisijali, nitatokea wa kwanza.

Na kweli nikatokea wa kwanza.

Siku tovuti ilipofunguliwa nilimpigia mama kijijini. Mama ni mjane, hajui kusoma, anaishi na wifi yangu, mke wa kaka, na mimi ndiye binti yake wa pekee. Nikamwambia, "Mama, wifi akirudi kutoka sokoni, mwambie aandike jina langu Google. Utaona mtoto wako amekuwa mtu!" Alifurahi huyo mama, akapiga vigelegele kwenye simu. Halafu stima zikapotea mtaa mzima na simu yangu ikazima. Sikujali. Gesi ilikuwepo, na nilikuwa na keki ya bibi harusi ya kumalizia.

Wifi akarudi jioni, akaandika. Hata ukurasa wenyewe hakuufungua, alisoma tu yale maneno yanayotangulia: "Tunasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha mpendwa wetu," kisha jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. "Mipango ya mazishi inaendelea nyumbani kwake Kayole." Na kando hapo picha yangu, nimeshika keki, nacheka.

Wakanipigia, simu imezima. Wakampigia mume wangu, yuko barabarani na hashiki simu akiendesha. Ghafla ni ghafla, wakaamini. Stima ziliporudi nikawasha simu, tayari mama alikuwa amelia kutoka mlangoni mpaka langoni, kitambaa hana kichwani, majirani wamejaa, na moto wa matanga umewashwa. Pale langoni alianguka. Upande mmoja wa mwili wake haufanyi kazi mpaka leo.

Niliomba awekewe simu sikioni. "Mama, ni mimi. Niko hai." Akasema, "Wewe ni nani unaongea na sauti ya mtoto wangu?" Haki ya Mungu, nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Fundi nilimwendea nikiwa na hasira ya kumla mbichi. "Woi, madam, nisamehe. Nilikopi ukurasa wa matanga, nikabadilisha jina, mtaa na picha, maneno mengine ya nyuma nikasahau." Kusahau! Ameshayatoa sasa, lakini anasema Google nayo huchukua muda kusahau. Ninaangalia kila siku, na kila siku bado nimekufa.

Nilitaka kusafiri siku ileile. Baba mdogo, ndiye mkubwa wa boma sasa, akanikataza. "Kwetu mtu akishaliliwa haingii tu hivi hivi. Lazima achinjiwe kondoo langoni, wazee wamtakase. Ukiingia bila hiyo, kifo ulichokiacha kitamchukua aliyekulilia kwanza." Aliyenililia kwanza ni mama.

Nikamwambia mume wangu basi tununue huyo kondoo yaishe. Akafunga Biblia yake. "Damu ya Yesu ilimwagika mara moja, mama watoto. Ukienda kutakaswa na wazee, utakuwa umechagua, na nyumba hii usirudi." Huyu mwanamume hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakunipandishia. Ndiyo maana najua hakuwa anatania.

Nikienda bila kondoo na mama afe, boma lote litasema nimemuua, na mimi mwenyewe, jameni, ingawa nimeokoka, sitajua kama ni uongo. Nikichinjiwa, watoto wangu nitawakuta wapi? Nikikaa hapa, mama atakufa akiamini nilimtangulia kufa.

Jana wifi amenipigia. Anasema mama, aliyekuwa haongei tangu simu ile, ameanza kuongea kidogo, na neno lake ni moja. "Kama ni yeye kweli, aje asimame nje ya lango. Mnibebe nimguse mkono. Mkono wa mtoto wangu naujua." Baba mdogo amesema hata hapo langoni ni ndani.

Begi nimelifunga, liko mlangoni. Mume wangu ameliona, akapita kando yake.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemsikiliza nani? Niambieni upesi, mama hali yake si nzuri. Na tafadhali, mkinihurumia, msinitafute Google. Nijibuni hapahapa. Mimi niko hai.